Meno Mawili ya Beki

Jumamosi, tarehe kumi na sita mwezi wa nane. Jua tangu asubuhi, lakini jana jioni mvua ya mawe ilipiga Boito, na tulipofika huko saa nne mawe yalikuwa bado hayajayeyuka. Yalikuwa yamejazana chini ya majani chai na kwenye mitaro, meupe kama mchele uliomwagika.

Naandika haraka kabla baba mdogo hajaanza kuyasimulia ya leo, kwa sababu akishasimulia mara mbili hata mimi nitaanza kuamini ya kwake.

Tulienda Boito watu watatu kuposa. Baba mdogo alikuwa msemaji. Wa pili ni jirani yetu, mzee kutoka upande wa ziwa aliyechochea moto wa boila kiwandani mpaka akastaafu, na ambaye tunaenda naye kila mahali kwa sababu anachekesha. Wa tatu ni mimi, na kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Kwetu kijana anayeoa hajiongelei. Anaongelewa kama fahali wa mnada, yeye yuko hapo tu akiangaliwa miguu. Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara mbili za kwanza tulipewa chai tukaambiwa turudi, na hiyo sio kukataliwa, ni adabu. Mara ya tatu ndiyo mtu huambiwa. Na Jumatatu mimi napanda ndege kurudi kazini. Kama ni hapana, ningebeba hapana yangu mpaka likizo ya mwezi wa nne.

Shida ilikuwa kazi yangu.

Mimi ni beki wa hoki ya barafu. Nacheza kwa mji mmoja mdogo wa kaskazini, nchi za baridi, mji wenye kiwanda cha mbao, kanisa moja na uwanja wa barafu mkubwa kuliko kanisa. Niandike haki: ni ligi ya tatu. Sio ya kwanza, kama baba mdogo anavyosema, wala ya pili, kama mimi mwenyewe nilivyomwambia pasta mwaka juzi nikijua sio. Asubuhi napanga mbao kiwandani, jioni nafanya mazoezi, Jumamosi nacheza. Miaka saba sasa.

Huku nyumbani ukisema uko ng'ambo kwa michezo, mtu anakuangalia mapaja na kuuliza, "Unakimbia ngapi?" Hakuna swali lingine. Miaka miwili ya kwanza nilijibu kwamba sikimbii, nateleza, na watu walinipa pole, wakidhani nimeumia. Mama alichoka kueleza akaambia akina mama wa kanisa nakimbia mita elfu kumi. Wakaanza kunitafuta kwa televisheni. Wakinikosa wanamwambia mama asijali, labda nilikuwa nyuma sana.

Barafu nilianza kwa mop. Niliacha shule kidato cha pili nikaenda Nairobi, nikapata kazi ya kupiga deki kwa hoteli iliyokuwa na uwanja mdogo wa kuteleza. Jioni wageni fulani walikuwa wanavaa viatu vya chuma na kufukuzana na kipande cha raba nyeusi, mviringo, bapa, kama kisigino kilichotoka kwa buti. Siku moja walikosa mtu wa kusimama nyuma. Nikaambiwa, wewe mrefu, njoo usimame. Nilianguka mpaka wakaacha kuhesabu, lakini kila nilipoanguka kulikuwa na mtu chini yangu, na huyo mtu hakufunga bao. Kocha mmoja mgeni aliona, akachukua namba yangu. Sidhani aliona kipaji. Nafikiri aliona ukubwa.

Beki wa barafu hana kazi ya kujivunia. Mtu anakuja na raba kwa fimbo yake, wewe unamtoa njiani. Ukimtoa vibaya, refa anakufungia kwenye kizimba kando ya uwanja dakika mbili, watu wote wakikuona kupitia kioo. Huko kizimbani mimi nimekaa sana. Wenzangu wakifungiwa wanapiga ukuta na kutukana refa. Mimi, kila nikifikiria, naona refa alikuwa sawa. Siku moja nilimwambia hivyo tukipita mlangoni. Kocha alisikia akanizungumzia kwa lugha ambayo siku hiyo nilishukuru siielewi vizuri.

Msichana mwenyewe nilimpata hapa nyumbani, nikiwa likizo. Alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani, ametoka Boito akaletwa upande wetu wa Sigowet. Nilibeba kikapu cha mama mpaka kituoni. Akaingiza mkono, akatoa majani mapana magumu, akasema, "Hii ni chai ama ni sukuma wiki?" Wanaume wote kwenye laini hubishana naye. Mimi niliangalia yale majani nikasema, "Kweli. Hii sio chai." Nikakaa chini nikaanza kuchagua. Alisimama na kalamu akiniangalia kama mtu mwenye homa. Baadaye aliniambia ndiyo mara ya kwanza kazini mtu kumkubalia. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita.

Sasa nirudi leo.

Babake karani ni mzee mfupi, ameketi wima kama amewekwa na fundi. Alikuwa askari wa geti kwa kiwanda cha chai kabla ya kustaafu na kulima yake. Tulimkuta akitoka shambani, gumboti zikiwa na matope, na mkononi alishika tawi moja la chai lililotobolewa na mawe. Aliliweka mezani, mbele yangu, halafu ndiyo akatusalimia.

Baada ya maombi aliniangalia.

"Kijana. Jana saa kumi na moja barafu ilinyesha hapa dakika kumi. Majani yangu yote imeisha. Sasa niambie tena, pole pole. Wewe hiyo barafu ndiyo inakulisha?"

"Inamlisha vizuri sana, mzee!" akasema baba mdogo.

"Huko hata hawangojei inyeshe," jirani akaongeza. "Wanaitengeneza na mashine. Wanalipia stima ndiyo itoke."

Mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuna nchi watu wanafuga kupe.

"Basi," akasema. "Barafu sio shida yangu. Shida yangu ni moja. Mtoto wa ndugu yangu alienda ng'ambo na koti moja, akasema miaka miwili. Huu ni wa kumi na nne. Babake alipokufa tulishikilia simu juu ya kaburi ndiyo aone. Mimi sitaki binti yangu aolewe na simu. Huyu kijana atarudi?"

Hapo ndipo kila kitu kilikuwa. Nilijua, baba mdogo alijua, hata karani alijua, kwa sababu vyombo jikoni vilinyamaza.

"Atarudi!" baba mdogo akasema. "Mwaka ujao tu. Ameshanunua shamba Bomet, hapo barabarani."

Sijanunua. Niliangalia tu, tena kutoka barabarani, tena lilikuwa na kibao kwamba haliuzwi.

Mzee alisema, "Tukule kwanza," kwa sauti ya mtu anayejua atakataa lakini hataki mgeni aende na njaa.

Niandike hapa habari ya meno, kwa sababu bila hiyo hakuna atakayeelewa.

Sina meno mawili ya mbele, ya chini, ya katikati kabisa. Yalitoka msimu wa tano. Mbele ya goli mtu alipiga ile raba, mimi nikaenda chini, raba ikanigonga mdomoni ikatoka nje. Haikuingia. Uwanja wote ulisimama. Gazeti la mji liliandika kwamba nilijitupa mbele ya mpira kwa ajili ya timu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo na nilikuwa najua hawaniongezi, nilishaanza kufunga sanduku. Baada ya meno waliniongeza miaka miwili.

Lakini mimi sikujitupa. Nilianguka. Kiatu kilishika mkwaruzo kwenye barafu na nikaanguka, basi. Nilienda kwa kocha na pamba mdomoni kumwambia. Akasema, "Nyamaza, wewe ni shujaa, nenda nyumbani." Nikanyamaza. Nikala miaka miwili ya mkataba juu ya kuanguka. Sijui kama hiyo ni wizi. Nimeifikiria sana kizimbani.

Nina meno ya bandia ya kuziba hapo, na karani alikuwa ameniambia leo niyavae. Nikavaa. Lakini nyama ya ng'ombe wa pale nyumbani haikuwa ya mchezo. Nyuzi ziliingia chini ya bandia, ikaanza kupanda na kushuka kila nikitafuna, na jirani akaanza kuicheka. Nikageuka upande, nikaitoa, nikaifunga kwa leso.

Nilikuwa nimegeukia upande wa kogo.

Kogo ni nyanya yake karani, mamake mzee. Ana miaka labda tisini, na mara mbili tulizokuja alikuwa amelala kwa kiti chake pembeni, au tulidhani amelala. Aliinua fimbo yake akanigusa kifua.

"Wewe. Fungua mdomo."

Nikafungua. Hukatai kogo wa nyumba unayoposa. Akaingiza kidole. Akagusa pale pengo lilipo, kushoto, kulia, katikati. Halafu akapiga kelele ambayo ilileta watu kutoka jikoni.

"Ametoa! Kujeni muone! Huyu ametoa!"

Akafungua na yeye mdomo wake. Meno mawili ya mbele, ya chini, ya katikati kabisa, hayakuwepo. Zamani watu wetu walikuwa wanayatoa, wavulana kwa wasichana, kwa chuma, ukiwa mdogo, na ukilia unachekwa mpaka uzeeni. Hiyo ilikwisha kabla ya mama yangu kuzaliwa. Wachache sana wamebaki na hilo pengo, na kogo alikuwa amekaa nalo peke yake katika hiyo nyumba kwa miaka mingi.

"Vijana wenu wote wana meno kama ya punda," akawaambia. "Na huyu anakaa kwa wazungu, na ametoa!"

"Kwetu ziwani tulikuwa tunatoa sita," jirani akasema. "Mbili ni kuonja tu."

"Nyamaza wewe, ndiyo maana mnaongea ovyo, upepo unapita."

Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Baba mdogo aliona mlango, na mlango ukiwa wazi yeye haulizi ni wa nani.

"Alisisitiza mwenyewe!" akasema, amesimama. "Nilimwambia, ngoja kwanza. Akasema hapana, baba mdogo, mimi nataka kama wazee!"

Mimi sikuweza kusema lolote. Kidole cha kogo kilikuwa bado ndani.

Halafu nikamwona mzee. Alikuwa ameweka chini kipande chake cha nyama. Alimwangalia mamake, akaniangalia mimi, na ule uso wa geti ukafunguka kidogo.

"Mama hajasifu kijana yeyote," akasema pole pole, "tangu mimi mwenyewe nikiwa kijana. Basi huyu hajasahau kwao. Huyu atarudi."

Imekwisha, nikafikiria. Imekubaliwa. Na karani alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Yeye anajua ukweli, aliniona kwa simu siku ile mdomo umevimba kama mkate. Hakunikonyeza. Hakutikisa kichwa. Aliniangalia vile anaangalia mshale wa mzani kabla haujatulia.

Sitaki kujifanya mtu mzuri. Nilijiambia hata sijasema uongo, uongo umesemwa na baba mdogo, na yeye ni mtu mzima. Nilijiambia kogo amefurahi, nani atamnyang'anya furaha ana miaka tisini? Hizo zote ni sababu nzuri, na bado naziona nzuri nikiziandika. Lakini yale meno yalikuwa yameshanipa miaka miwili ya kazi ambayo si haki yangu. Nikaona sasa yananipa na mke. Na huyu mzee hakuwa anauliza habari ya meno. Alikuwa anauliza kama nitarudi, na alikuwa amejibiwa na pengo.

"Mzee," nikasema. Jirani alinikanyaga mguu chini ya meza. "Mzee, sikutoa. Yalitolewa. Ni mpira wa kazini."

Nje mawe yalikuwa yanayeyuka, unasikia maji yakitiririka mtaroni.

"Ulipigwa?" mzee akauliza.

"Nilipigwa."

"Ukizuia?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Gazeti zima lilisema ndiyo.

"Nilianguka, mzee. Nilitaka kuzuia lakini nilianguka kwanza. Mpira ukanikuta chini. Wakasema mimi ni shujaa na wakaniongezea mkataba, na mimi nikanyamaza. Shamba la Bomet pia bado sijanunua. Na kurudi..." Nikasimama kidogo, kwa sababu hii ndiyo ilikuwa ngumu. "Mkataba ni wa mwaka mmoja. Goti limeanza kuuma. Nataka kurudi baada ya huo. Lakini wakiniongeza sijui nitasema nini, kwa sababu kila mwaka nimesema ni wa mwisho."

Baba mdogo alifunika uso na kofia yake. Jirani akasema kwa sauti ya chini, "Sasa tutakula nini njiani."

Mzee alikaa vile alivyokuwa amekaa, wima. Halafu akauliza kitu ambacho hakuna mtu alitarajia.

"Lakini mpira haukuingia?"

"Haukuingia."

Akaangalia mlango wa jikoni, akaangalia kogo, akajikuna kidevu.

"Mimi nililinda geti ya kiwanda miaka ishirini na moja," akasema. "Siku moja alfajiri nililala. Nililala hapo hapo chini, mbele ya geti, na blanketi. Mwizi akatoka mbio na gunia la majani, hakuniona, akajikwaa kwa mimi, akaanguka, gunia likamwangukia. Nilipoamka niko juu yake. Wakasema nimepigana."

Mke wake alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Barua iko kwa ukuta," akasema.

Sote tuliangalia ukutani. Iko hapo, kwa fremu, na muhuri: askari shupavu. Chini yake kuna kalenda ya kanisa.

"Umenifanya nipanguse hiyo kioo kila Jumamosi," akamwambia bwana yake, "miaka yote hii."

"Waliniandikia. Ningefanya nini?"

"Ungesema!"

"Kocha alimwambia huyu kijana anyamaze, akanyamaza. Mimi hakuna mtu aliniambia ninyamaze, nilijiambia mwenyewe." Akanigeukia, na sijui kama alikuwa amekasirika ama anataka kucheka, kwa sababu uso wake haujazoea yote mawili. "Umenichoma mbele ya bibi yangu, kijana. Sasa sikia. Msemaji wako ameongea masaa mawili na sijajua kazi yako ni nini. Wewe unasimama kwa geti?"

"Ndiyo mzee. Ni hivyo tu. Nasimama kwa geti."

"Na watu wanakuja mbio."

"Wanakuja mbio, mzee."

"Hapo sawa. Hiyo kazi naijua." Akachukua lile tawi la chai mezani, akaligeuza. "Ungesema utarudi, ningesema ndiyo, halafu kila siku ningeangalia barabara. Umesema hujui. Sasa angalau najua hujui." Akaita jina la binti yake. "Wewe umesikia. Hajui. Unataka mtu ambaye hajui?"

Karani aliweka sinia chini kwanza. Vikombe havikulia.

"Baba, mimi nimempima miaka mitatu," akasema. "Mkataba huu aende. Mimi nabaki na kazi yangu. Akisaini mwingine bila kuniuliza, nitamrudisha kama majani mabaya, mbele ya laini yote."

"Basi ni ndiyo," mzee akasema. Wanawake wakapiga vigelegele kabla hajafunga mdomo.

Mambo ya ng'ombe wazee walimalizana wenyewe, siandiki.

Kogo hakupiga vigelegele. Nilipoenda kumsalimia alivuta kiti chake kikanipa mgongo. Ulipoletwa mursik alishika kibuyu mwenyewe, akamimina kikombe cha kwanza, akampa jirani, mtu wa ziwa, ambaye hata hapendi maziwa yaliyogandishwa na mkaa. "Kunywa wewe," akamwambia. "Nyinyi angalau mlitoa." Yule maskini alikunywa yote huku machozi yakimlenga. Mimi nilipewa wa mwisho, nusu. Niandike haki: nilistahili hata robo. Nilimpa kogo mwenzake baada ya miaka mingi ya kuwa peke yake na hilo pengo, halafu nikamnyang'anya kabla chai haijapoa. Kwa hiyo sijui nitamwomba msamaha namna gani. Karani anasema nimwache mpaka nirudi, kogo akikasirika hukasirika kwa msimu mzima.

Na baba mdogo pia nimwandikie haki. Njiani nilidhani atanigombeza. Alinyamaza mpaka tukapita kituo cha petroli, halafu akasema, "Unajua kwa nini amekubali? Ni kwa sababu nilimchosha kwanza." Inawezekana. Masaa mawili si mchezo. Sina hakika kwamba ukweli wangu peke yake ungefika popote kama asingekuwa ameshaongea mpaka watu wakatamani kusikia mtu mwingine yeyote.

Tulifika nyumbani giza likianza. Mama alikuwa amesimama kwa mlango na kanga kichwani, hakuuliza, alituangalia tu mikono, nani amebeba nini. Baba mdogo alianza kumsimulia kabla ya kuvua viatu, na katika masimulizi hayo ni yeye aliyemwambia mzee ukweli, na mimi ndiye nilikuwa nikimkanyaga mguu. Mama alilia kidogo, akacheka, akauliza kama akina mama wa kanisa sasa wataambiwa mimi nafanya nini. Nikamwambia aseme niko kwa geti. Akafikiria, akasema elfu kumi ni rahisi zaidi.

Tulikuwa tumeshiba mpaka shingoni lakini mama hasikii hiyo. Tulikula ugali ya wimbi na mboga ya managu iliyolala kwa maziwa, na jirani alipewa samaki mkavu wake mwenyewe aliyemwacha kwetu wiki iliyopita, akamla mzima, kichwa kwanza.